Pembe ya Beberu na Sanduku la Bata

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Inatangazwa kwa majonzi makubwa, kwa wenyeji, wakimbizi, wafanyabiashara na maofisa wote wa Kakuma, kwamba jana saa kumi na robo alasiri, katika Banda la Video la Etabo, Beberu alivunjika pembe. Pembe hiyo imeacha pembe mwenzake mmoja na wafuasi wapatao sitini. Mipango ya mazishi itatolewa baadaye.

Ningekuwa natania, lakini Etabo amefunga duka lake leo. Mtu mzima, mwenye ng'ombe, mwenye jenereta, ameketi mlangoni na hataki chai.

Daftari hili nilipewa Lodwar, hoteli moja ilipofungwa. Ni la wageni, lina safu za Jina, Atokako, Aendako. Naandika juu ya safu hizo bila kuzijali. Mimi ni Wekesa, fundi wa redio, mtu wa Kimilili. Ufundi sikuusomea. Niliharibu redio ya baba, ikabidi niitengeneze kabla hajarudi kutoka shambani. Hapa Kakuma naangalia mashine ya video ya Etabo, na nikimaliza kuiangalia naangalia watu.

Katuni ni ya zamani, kuliko mimi labda. Mzungu mmoja mchimba visima alirudi kwao akaacha kaseti kumi na nne ndani ya katoni. Wanyama watatu: Beberu, Bata na Nungunungu, tunayemwita Nungu. Kila Jumapili baada ya kanisa tunaona kaseti moja. Lugha yake hakuna anayeijua. Si Kiingereza, na Wakongo wamesikiliza wakasema si Kifaransa. Kwa hiyo Mwalimu Makur husimama kando ya televisheni na fimbo yake, na kutuambia wanyama wanasema nini. Zamani huko Sudan alifanya kazi na wazungu waliojenga daraja. Lugha aliipata kwao.

Jana ilikuwa kaseti ya saba. Nungu alimkimbilia Beberu, Beberu akagonga ukuta, pembe ikaruka. Etabo akasimama: "Hapana! Hiyo hapana!"


Jumatano, 8 Oktoba

Duka la Etabo bado limefungwa. Nimekunywa chai ya rangi.


Jumapili, 12 Oktoba

Sijawahi kuona jambo kama la leo, na nimeishi Lodwar miaka mitatu.

Kabla ya kaseti ya nane Etabo aliitisha kikao ndani ya banda. Watu wa Beberu (Waturkana karibu wote, na wenye maduka) walikaa upande wa mlango. Watu wa Nungu, yaani vijana wa shule na Kipkemboi, polisi wa utawala, walikaa ukutani. Wanawake wa kambini ni watu wa Bata, nao walikaa mbele kabisa na hawakugeuka.

"Mnyama ameumizwa," Etabo alisema. "Kwetu mnyama akiumizwa, mwenye kuumiza analipa. Nyinyi watu wa Nungu, leteni mbuzi."

Kipkemboi akacheka hadi kofia ikaanguka. "Mzee, mbuzi wa kweli? Kwa pembe ya wino?"

"Wewe ukiona hiyo ya wino unalia, ama hulii? Juzi Nungu wako aliingia kisimani, si ulishika kichwa? Kama machozi ilikuwa ya kweli, mbuzi iwe ya kweli."

Kipkemboi akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi. Mahakama nyingi zimeamua mambo kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Watu wa Nungu wametozwa mbuzi mmoja, na Kipkemboi amekubali mbele ya watu mia.


Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Si ile ya kunyesha ikaomba radhi, hii imekaa. Redio inasema itakuwa kubwa nchi nzima. Kaseti ya tisa tuliona miguu ikiwa ndani ya maji.


Jumatatu, 27 Oktoba

Jana mbuzi alilipwa. Kaliwa na pande zote, na Kipkemboi ndiye aliyekula zaidi.

Niandike kuhusu Mama Achol maana leo amenichosha. Jina lake ni Agot, lakini kambi yote humwita kwa jina la mtoto wake, nami nimemwita hivyo kwa miaka miwili sasa. Huuza njugu mlangoni pa banda. Alikuwa hajali katuni, mpaka kaseti ya pili, pale Makur alipotuambia kwamba Bata, yule anayebeba sanduku kila aendako, anamtafuta mtoto wake aliyempotea wakivuka mto. Agot aliweka njugu chini akaingia. Tangu hapo hajakosa Jumapili hata moja, na hukaa mahali pamoja, kando ya goti la Makur.

Leo kanijia kwenye kibanda changu cha redio. "Fundi, kaseti ziko ngapi?"

"Kumi na nne, Mama Achol."

"Na ya mwisho, Bata anampata mtoto?"

"Mimi natengeneza mashine, mama. Habari ya Bata muulize Mwalimu."

"Huyo siwezi kuuliza." Akaondoka. Nikajisemea, huyu naye katuni imempanda kichwani. Kwa kweli swali lake lilinigusa mahali pabaya, maana kaseti ya kumi na nne haipo. Ganda lake lilipasuka mwezi wa nane, nikampelekea Sally, mwenye duka la redio Lodwar, atafute ganda jingine. Etabo hajui. Nilidhani nitaifuata siku yoyote. Sasa laga ya Kawalase, mto wa msimu ulio njiani, imejaa na hakuna gari linalovuka.


Jumapili, 2 Novemba

Kaseti ya kumi na moja. Bata karibu ampate mtoto, kisha mlango ukafungwa. Wanawake walipiga kelele. Mara ya nne hii anakaribia. Makur ana roho ngumu, kutafsiri hayo bila kulia.


Ijumaa, 7 Novemba

Habari iliyoshangaza kambi: Agot amekataa kwenda Kanada.

Kaka yake, Kuol, yuko huko na amemwita. Jina lake limo kwenye orodha, ndege ni tarehe kumi na tano Januari. Watu huuota mwaliko kama huo usingizini. Imebaki fomu moja, na karani wa kambi anasema hajaijaza, kila wiki anasema ngoja. Jirani zake walimuuliza anangoja nini. Akajibu, "Nangoja Bata."

Etabo mwenyewe, aliyemlipisha polisi mbuzi kwa ajili ya katuni, alitikisa kichwa. "Huyu mama amepotea. Mtu anaacha Kanada kwa sababu ya bata?"

Nami nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.


Jumapili, 16 Novemba

Mto wetu, Tarach, umebeba nyumba kumi na moja upande wa chini. Pamoja na hayo banda lilijaa.

Leo ni kaseti ya kumi na tatu. Kulikuwa na mgeni, sista Helen, muuguzi mpya wa zahanati. Ni Msudani aliyelelewa Nairobi, akasomea kazi yake ng'ambo. Bata alikuwa amesimama mlangoni kwa Beberu, ameinama, na Makur anasema kwa sauti ya kilio: "Mama Bata anauliza, ya akhui, ndugu yangu, hujaona mtoto wangu? Ana shanga mbili, nyeupe na nyekundu." Ndipo Helen akacheka. Si kidogo, alicheka mpaka akajishika tumbo. Agot aligeuka akamtazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa.

Nilimfuata nje. "Sista, umecheka nini?"

"Nilisoma miaka minne huko inakotoka hiyo katuni," alisema. "Lugha hiyo naiota. Huyu mzee hajasema neno hata moja lililo ndani. Hata moja! Kwani hamjui? Yule Bata wenu…"

"Usiniambie!"

Nilishtuka kwa sauti yangu mwenyewe. Nimesimama mvuani, mtu mzima, nimeziba masikio. Nilimwomba asimwambie mtu. Akaniangalia kama mgonjwa, akaahidi.

Kaseti kumi na tatu. Mbuzi mzima ameliwa. Vijana wawili walipigana ngumi kwa neno la Nungu ambalo Nungu hakusema. Usingizi utatoka wapi?


Jumatatu, 17 Novemba

Nimemkuta Makur akitoa maji nyumbani kwake kwa sufuria. Nikamwambia wazi aliyoyasema Helen.

Hakukana. "Kwa wale wazungu nilikuwa mpishi," alisema. "Najua maneno matatu. Chumvi, moto, na upesi."

"Na hiyo nyingine yote, Mwalimu?"

"Hiyo nyingine ilikuwa hapa." Akagusa koo, si kichwa. "Watu walikaa wanatazama picha kama mbuzi anatazama barabara. Nikaona niseme. Mara ya kwanza ilitoka yenyewe. Baadaye ikakataa kurudi."

"Sasa mwisho wake? Bata atampata mtoto?"

Aliendelea kutoa maji.


Jumapili, 23 Novemba

Nimekiri kwa Etabo kwamba kaseti ya kumi na nne iko Lodwar. Hakunipiga. Aliniita jina moja la Kiturkana ambalo nimekataa kutafsiriwa.

Ikabidi turudie ya kumi na tatu, na hapo kukawa na msiba mwingine, maana Makur hakukumbuka alichosema wiki iliyopita. Leo Beberu amemfukuza Bata, wiki jana alimpa maji.

"Mwalimu!" Kipkemboi alisimama. "Jumapili ile alisema karibu ndani!"

"Alisema karibu," Makur akajibu bila kupepesa. "Leo amekumbuka pembe."

Watu wakatulia. Watu wa Nungu wameanza kuogopa faini ya pili.


Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Kaseti ya kumi na tatu.


Jumapili, 7 Desemba

Mvua. Kaseti ya kumi na tatu. Nyumba yangu imeanguka ukuta mmoja, nimehamia kibandani. Agot bado hajajaza fomu. Karani amempa mpaka tarehe sita Januari, baada ya hapo jina linafutwa.


Alhamisi, 11 Desemba

Nina aibu, na aibu yenyewe ni mpya kwangu, sijui inashikwa wapi.

Agot kaniletea fomu nimsomee. Ni ya karatasi mbili. Jina, kijiji, mume (ameuawa), kaka. Kisha mstari: Watoto. Ameandikiwa Achol, msichana, kuzaliwa 1983. Pembeni visanduku viwili. Hai. Amefariki.

"Karani anataka tiki moja," alisema. "Mimi nimemwambia acha wazi. Anasema mashine inakataa wazi."

Miaka miwili namwita Mama Achol. Ejok, hujambo, Mama Achol, njugu za leo vipi. Sijawahi kuuliza Achol yuko wapi.

Aliniambia pale pale, amesimama. Mwaka wa tisini na moja, vita vilipowatoa Ethiopia, walikimbilia Mto Gilo wakati wa mvua, na nyuma yao risasi. Yeye alivutwa kwenye kamba na wanaume, akavuka. Achol alibaki ukingoni na watoto wa shule na mwalimu wao. Miaka minane alikuwa nayo, na shanga mbili shingoni, nyeupe na nyekundu.

Shanga za Bata. "Mwalimu gani?"

"Si unamjua."

"Na hujamuuliza? Miaka sita?"

"Kwetu mtu hamwulizi mwenzake habari ya kifo, Fundi. Mwenye nayo ndiye analeta. Nilikaa, hakuleta. Nikasema pengine haogopi mimi, anaogopa mdomo wake. Halafu siku ile napita na njugu, nasikia anasema Bata amepoteza mtoto mtoni." Akakunja fomu yake. "Nikajua ameanza kuja. Anakuja polepole, lakini anakuja. Nikaingia nikakaa karibu, asipate taabu kunitafuta."

Watu wote wale, mia na zaidi kila Jumapili, na hakuna aliyeliona. Nami mwangalizi mkuu, mwenye daftari.


Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna nyama, lori za Lodwar hazipiti. Makur hakuja kanisani.


Jumapili, 28 Desemba

Itangazwe kwamba kaseti ya kumi na nne imewasili Kakuma ikiwa chini ya ulinzi wa serikali.

Kesho ni uchaguzi. Kwa kuwa barabara imekatika, masanduku ya kura yameletwa kwa helikopta, na msindikizaji mmoja alikuwa Kipkemboi. Nilikuwa nimemtumia Sally ujumbe kwa redio ya misheni. Kipkemboi alishuka na bunduki begani, masanduku mbele yake, na kaseti ndani ya kofia, imefungwa kwa mfuko wa unga.

"Kura nimelinda kwa jicho moja," alisema. "Hii kwa mawili."

Kaseti imeingia unyevu. Nitaifungua, niipanguse utepe wote kwa mkono.


Jumatano, 31 Desemba

Nimepangusa. Picha ipo. Sikuitazama zaidi ya nusu dakika, kwa adabu.


Jumamosi, 3 Januari 1998

Nilimwendea Makur. Nikamwambia kuhusu fomu, visanduku viwili, na tarehe sita. Hakuwa anajua. Alidhani mama yule anapenda katuni, kama wote tulivyodhani. Aliketi chini kwenye matope, na suruali yake ya kanisani.

"Anajua nilikuwa mimi?"

"Anajua, Mwalimu. Tangu kabla ya Bata."

Nilimwacha hapo. Yeye ndiye mwenye kazi ya maneno.


Jumapili, 4 Januari

Naandika upesi, nisisahau neno. Nikikosea herufi, basi.

Banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya mapipa ya dizeli. Etabo alivaa kofia yake ya manyoya ya mbuni, kwa heshima ya Beberu. Helen alisimama nyuma, karibu nami. Agot alikaa mahali pake.

Picha ilianza. Kumbe katuni ya mwisho haina mbio wala kugongana. Bata anatembea na sanduku lake mpaka mtoni. Beberu yuko pale na pembe yake moja, wanasimama wawili ukingoni. Bata anavua kitambaa alichojifunga kichwani. Wanaongea muda mrefu. Nungu hayupo kabisa.

Makur alibaki ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Mfasiri, sema!" vijana walipiga kelele. "Sauti iko wapi?"

Aliweka fimbo chini. Sijawahi kumwona bila fimbo. Kisha akasema, na hakuwa anatazama televisheni.

"Beberu anamwambia Bata: mama, mtoto wako alikuwa na mimi."

Etabo akaruka. "Beberu wangu?"

"Anamwambia: walikuwa watoto ishirini na mbili. Risasi ilitoka nyuma. Nilichukua wawili, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Maji yalifika hapa." Aliweka kiganja kifuani. "Mmoja nilimfikisha. Wako… mkono ulikuwa na maji, ukateleza. Nikashika shanga. Kamba ya shanga ikakatika."

"Uongo!" Etabo alikuwa analia waziwazi. "Beberu hawezi kuachilia mtoto! Mwalimu, tazama vizuri, pengine ni Nungu!"

"Nyamaza, mzee," Kipkemboi alisema, kwa upole ambao sikujua anao. Nadhani ndipo alipoelewa, na baada yake mtu mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Niliona kuelewa kule kukipita bandani kama upepo kwenye turubai.

Agot hakusimama. "Mkono upi?" aliuliza.

"Wa kushoto."

"Alikuita?"

"Aliita mara moja. Aliita Mwalimu."

"Ulishika kwa nguvu?"

"Nilishika."

Jenereta ilikuwa inaunguruma nje. Bata na Beberu bado wanaongea lugha yao.

"Miaka sita umebeba hii," Agot alisema, "na mimi niko nyumba ya nne kutoka kwako."

"Malesh, mama. Nisamehe. Malesh."

Makur alitoa kitu mfukoni, akaweka mkononi mwa Agot. Sikuwa karibu lakini nilijua. Shanga mbili, nyeupe na nyekundu. Agot alifunga kiganja. Aliinuka, akamgusa Makur begani kama mtu anayeangalia kama ukuta umekauka, akatoka. Wanawake wakatoka naye, wote, na kilio kilianzia nje, si ndani.

Nilizima mashine. Picha zilikuwa zimebaki chache, na hakuna aliyeuliza.


Jumatatu, 5 Januari

Agot amekuja na fomu. "Wewe weka, Fundi. Mkono wangu hautaki."

Nimeweka tiki.


Jumatano, 7 Januari

Etabo amefungua tena duka, alilolifunga tangu Jumapili. Hakunidai maelezo. Aliniuliza jambo moja tu, huku anapanga sabuni: "Lakini alishika, si alisema alishika?"

"Alisema."

"Basi huyo ni Beberu wangu."


Jumapili, 11 Januari

Hakuna katuni. Mvua imesimama. Makur alikuwa kanisani, benchi moja na Agot, kati yao nafasi ya mtu mdogo.


Alhamisi, 15 Januari

Uwanja wa ndege. Ndege ilichelewa kwa saa tatu kwa sababu ya tope. Agot alikuwa na mfuko wa karatasi za safari, na shanga shingoni. Watu wa Bata, wa Beberu na wa Nungu wote walikuja. Etabo alimletea nyama kavu, askari wa pale akaizuia, Kipkemboi akazungumza naye, ikapita. Makur alisimama nyuma kabisa, na Agot akamwita kwa jina, si Mwalimu, akamwambia kitu kwa Kidinka. Sikuuliza. Naanza kujifunza.

Niliiangalia ndege mpaka ikawa nzi. Wiki kumi na tano za pembe, mbuzi, mafuriko na machozi. Nikaona sasa naweza kuambiwa. Nikamgeukia Helen, nikamuuliza yule Bata, huko kwenye lugha yake, ni nani hasa, na sanduku lina nini.

Helen akasema Bata ni dume, na kazi yake ni tarishi: sandukuni mna barua za watu.